Ni Kitu Gani Kilichoua Nguruwe Wako?



Asubuhi moja mkulima wa skimu ya jirani alifika ofisini kwetu akiwa na chupa tupu ya dawa mkononi. Alikuwa na nguruwe kumi na mmoja waliokaribia uzito wa kuuzwa. Jioni walikula wote vizuri. Kulipokucha alikuta watatu wamekufa, mapovu yenye damu yakiwatoka puani, na wawili wengine wameketi kama mbwa, vinywa wazi, wakihema kwa shida. Alikimbilia chupa ya dawa iliyobaki tangu mwaka uliopita, akawadunga wote kidogo kidogo ili iwatoshe. Wale waliokufa akawafukia. Juma lilipokwisha alikuwa amebaki na nguruwe wanne, na fedha alizozitarajia kwa karo ya watoto zilikuwa chini ya udongo.

Swali lake lilikuwa moja tu: "Ni kitu gani kilichowaua?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mizoga ilikuwa imekwisha kuzikwa, dawa ilikuwa imekwisha kuingia katika damu ya waliobaki, wala hapakuwa na sampuli hata moja iliyochukuliwa kupelekwa maabara.

Swali hilo siku hizi lina jibu, na jibu lake ni bora kuliko lile walilopata baba zetu. Wataalamu hawaangalii tena vijidudu kwa darubini tu, bali husoma urithi wao, yaani jeni zao, wakajua kila kijidudu kina silaha gani. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na sehemu yako wewe mfugaji katika kazi hiyo.

MARADHI MAWILI YAFANANAYO

Nguruwe wakifa ghafla kwa homa kali, huku wakitokwa na damu puani, yako maradhi mbalimbali yawezayo kushukiwa. Hapa tutataja mawili.

La kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika. Sisi wa Kenya twaijua tangu zamani, kwani maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalitokana na nguruwe waliokufa katika nchi hii, nayo yalichapishwa na Bwana R. E. Montgomery mwaka 1921. Maradhi haya huletwa na virusi. Virusi havidhuriki kwa antibiotiki, hata ukimdunga nguruwe chupa nzima.

La pili ni homa ya mapafu iletwayo na bakteria iitwayo Actinobacillus pleuropneumoniae. Jina hili ni refu, basi tutaliita APP kwa kifupi. Bakteria hii ilielezwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1957, na mwaka 1964 mtaalamu Richard Shope akaeleza jinsi ilivyoshambulia nguruwe katika nchi ya Argentina. Hupatikana katika nchi nyingi zifugazo nguruwe. Ugonjwa huu waweza kutibiwa, lakini ni lazima dawa iwe ile ifaayo, nayo idungwe mapema, kwa maana nguruwe aliyeshikwa vikali aweza kufa katika muda wa siku moja au mbili.

Hapo waona ugumu wenyewe. Ugonjwa mmoja una dawa, mwingine hauna. Ukiukosea wa kwanza, umepoteza nguruwe ambaye angepona. Ukiukosea wa pili, umepoteza fedha za dawa, na huku waendelea kueneza virusi katika skimu nzima kwa viatu vyako na ndoo zako. Macho peke yake hayatoshi kuyatenganisha maradhi haya.

BAKTERIA HII NA SILAHA ZAKE

APP ni bakteria ya nguruwe hasa. Hupita pua kwa pua, na hurushwa na kikohozi kwa umbali mfupi. Banda likijaa kupita kiasi, hewa ikiwa nzito, au nguruwe wa mahali mbalimbali wakichanganywa, bakteria hupata nafasi. Nguruwe aliyepona aweza kuificha katika mafindofindo ya koo lake kwa miezi mingi, akionekana mzima na mwenye afya. Mara nyingi huyo ndiye aletaye ugonjwa katika banda jipya.

Silaha zake kubwa ni tatu.

Kwanza, ina joho la kunata linaloizunguka. Joho hili huizuia damu ya nguruwe isiiangamize. Joho si la namna moja. Kufikia mwaka 2021 wataalamu walikuwa wamezitambua aina 19 za APP, kila aina na joho lake.

Pili, hutoa sumu. Sumu hizo huitwa Apx, nazo hutoboa chembechembe za mapafu na za damu kama msumari utobolavyo debe, ndipo maji na damu hujaa mapafuni. Zimejulikana Apx nne. Aina ya 1, ya 5, ya 9 na ya 11 hutoa Apx ya kwanza na ya pili kwa pamoja, nazo huhesabiwa kuwa kali sana.

Tatu, huiba madini ya chuma. Hakuna bakteria ya namna hii iwezayo kuzaana bila chuma, na mwili wa nguruwe huficha chuma chake kwa kukifunga ndani ya protini maalumu ya damu. APP ina vishikio viwezavyo kuikamata protini hiyo ya nguruwe na kuichopoa chuma. Hii ni moja ya sababu za bakteria hii kumwandama nguruwe na kuwaacha wanyama wengine.

Je, haya yote yalijulikanaje? Bakteria ni ndogo mno hata maelfu yake yaweza kukaa juu ya ncha ya sindano. Hakuna awezaye kuikamata kwa koleo na kuikata joho lake. Ilibidi watafute njia ya kuingia katika jeni.

JENI NI NINI?

Wewe unayekaa katika skimu waijua ramani ya skimu. Kila shamba lina namba yake na mpaka wake, na kila shamba lina kazi: hili ni la chai, lile ni la mahindi, lile la ng'ombe wa maziwa. Urithi wa bakteria wafanana na ramani hiyo. Ni uzi mmoja mrefu uitwao DNA, umeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, zikifuatana kwa mpango. Kipande cha uzi chenye kazi yake ndicho jeni. Jeni moja yaamuru kutengenezwa kwa sumu, nyingine kwa joho, nyingine kwa vishikio vya chuma.

Mwaka 2008 ramani nzima ya APP ya aina ya 5 ilichapishwa. Ina herufi zaidi ya milioni 2, na jeni zipatazo 2,000. Lakini ramani haikuambii kila kitu. Ukimpa mgeni ramani ya skimu yenye namba za mashamba tu, hatajua ni shamba lipi lililoshika chemchemi inywesheayo wote. Vivyo hivyo, wataalamu walikuwa na orodha ya jeni, lakini kazi ya nyingi katika hizo hawakuijua.

KUTOA SKRUBU MOJA MOJA

Chukua mfano wa mashine ya kusaga unga. Fundi ambaye hajapata kuiona ataka kujua kila skrubu ina kazi gani. Afanyeje? Atatoa skrubu moja, kisha ataiwasha mashine. Ikisaga kama kawaida, skrubu hiyo si ya lazima kwa kusaga. Ikikwama, amejua. Atairudisha, atoe nyingine.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wataalamu. Huharibu jeni moja ya bakteria, kisha hutazama ni jambo gani bakteria imeshindwa kulifanya. Na ili wawe na hakika, huirudishia jeni ile nzima, waone kama nguvu yake yarudi. Ikirudi, hapana shaka tena.

Kwa njia hii walithibitisha kazi ya joho: APP iliyoharibiwa jeni za joho haikuweza kuwaletea nguruwe ugonjwa. Walithibitisha pia kazi ya sumu: aina ya 1 na ya 5 zilipoondolewa uwezo wa kutoa Apx, ukali wake ulitoweka.

Lakini kuna jeni 2,000. Kuziharibu moja moja kwa mkono ni kazi ya miaka mingi. Njia ya mkato ilitoka mahali ambapo mkulima hatashangaa kusikia, yaani katika shamba la mahindi.

MAHINDI YA MADOADOA

Bila shaka umewahi kuona gunzi la mahindi lenye punje za madoadoa, nusu nyeupe na nusu zambarau. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, Bibi Barbara McClintock aliyachunguza mahindi ya namna hiyo msimu baada ya msimu. Aligundua kwamba viko vipande vya urithi visivyotulia mahali pamoja, bali huruka kutoka sehemu moja ya uzi wa DNA hadi sehemu nyingine. Kipande kikirukia katikati ya jeni ya rangi, jeni hiyo hukatika na punje hupoteza rangi. Kikiondoka, rangi hurudi. Hapo ndipo hutokea madoadoa.

Alichapisha habari hizo mwaka 1950, na wengi hawakumwelewa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Vipande hivyo huitwa transposoni, nasi tuviite vipande virukavyo. Wataalamu wa bakteria walivichukua vikawa chombo chao cha kazi. Kimoja kitumiwacho kwa APP chatokana na inzi mdogo anyonyaye damu ya ng'ombe. Kipande hiki huweza kukaa popote ambapo herufi T na A zimefuatana, na kwa kuwa herufi hizo zimetapakaa katika uzi wote, karibu kila jeni yaweza kupigwa. Mtaalamu hukiingiza kipande hicho katika bakteria nyingi kwa wakati mmoja. Kila bakteria hupigwa mahali pake, na siku chache baadaye ana maelfu ya bakteria, kila moja imeharibika jeni tofauti.

ALAMA ZA SIKIONI

Sasa limebaki tatizo la nguruwe. Bakteria 2,000 zikijaribiwa kila moja katika nguruwe wake, watahitajika nguruwe 2,000. Hakuna maabara iwezayo gharama hiyo, wala si haki kuwatesa wanyama wote hao.

Dawa yake ilipatikana London mwaka 1995 na Profesa David Holden na wenzake, walipokuwa wakichunguza bakteria nyingine iitwayo salmonela. Waliitia kila bakteria alama yake ya DNA, kama wewe ukatavyo alama katika masikio ya watoto wa nguruwe ili usiwachanganye. Kisha wakazichanganya bakteria nyingi zenye alama mbalimbali, wakampa mnyama mmoja. Baada ya muda walizitoa bakteria zilizobaki mwilini, wakasoma alama moja moja.

Fikiri umewapeleka nguruwe ishirini malishoni, kila mmoja na alama yake. Jioni warudi kumi na wanane. Ukisoma masikio utajua mara moja ni wawili gani waliopotea. Ndivyo ilivyo hapa. Alama isiyoonekana ni ya bakteria iliyoshindwa kuishi ndani ya mnyama, na jeni iliyoharibiwa katika bakteria hiyo ndiyo jeni ya lazima kwa ugonjwa.

Mwaka 2003 wataalamu wa London waliichapisha kazi ya namna hii juu ya APP ndani ya nguruwe wenyewe. Walizijaribu bakteria zaidi ya 2,000 zenye alama, na zaidi ya 100 zilionekana kuwa zimedhoofika. Tangu mwaka 2009 imepatikana njia ya kasi zaidi: mashine husoma mara moja mahali ambapo kipande kirukacho kimekaa katika maelfu ya bakteria zilizochanganywa.

Mengine yaliyogunduliwa yalikuwa ya kushangaza. Jeni za lazima hazikuwa za sumu na joho peke yake. Zilikuwamo jeni za kupumua mahali pasipo na hewa ya kutosha, na nyingine za kujitengenezea vyakula vinavyopungua katika majimaji ya mapafu. Maana yake ni kwamba adui huyu haji na silaha tu. Huja na masurufu yake pia. Ukijua masurufu yake, umepata mahali pengine pa kumpiga.

BAKTERIA IMEZAYO URITHI WA WENZIWE

Kuna chombo kingine, na hiki chagusa chupa ile ya dawa iliyo rafuni kwako.

Mwaka 1928 daktari mmoja wa London, Frederick Griffith, alifanya jaribio kwa bakteria ya homa ya mapafu ya watu. Alichukua bakteria hai zisizo na joho, ambazo haziui, akazichanganya na bakteria zenye joho alizokwisha kuziua kwa moto. Panya aliodungwa mchanganyiko huo walikufa, na ndani yao alikuta bakteria hai zenye joho. Zile dhaifu zilikuwa zimechukua urithi wa zile zilizokufa. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenziwe wa New York wakaonyesha kwamba kitu kilichopita kutoka bakteria moja hadi nyingine ni DNA.

APP nayo, hasa baadhi ya jamii zake, ina tabia hiyo. Huweza kuimeza DNA iliyo nje yake, hasa yenye alama fulani ya herufi inayoitambua kuwa ya ukoo wake. Wataalamu huitumia tabia hii. Hutengeneza kipande cha DNA chenye jeni iliyokatwa, wakaiwekea bakteria mbele, nayo hukimeza na kukipachika mahali pa jeni yake nzima. Hii si kubahatisha kama kipande kirukacho. Ni kuchagua jeni moja na kuipiga hiyo tu.

Lakini bakteria haihitaji mtaalamu ili ibadilishane urithi. Katika banda lako hubadilishana pia. Kuna viduara vidogo vya DNA, viitwavyo plasmidi, vinavyobeba jeni za kuishinda antibiotiki, na APP zenye viduara hivyo zimekwisha kuonekana katika nchi mbalimbali. Umdungapo nguruwe dawa kidogo kuliko kipimo, unaziua bakteria dhaifu na kuziacha zile zenye kinga. Hizo huzaana, na viduara vyao huweza kupita kwa wenzao. Mwaka ujao utadunga dawa ile ile kwa kipimo kamili, na nguruwe atakufa. Utasema dawa ni mbovu, kumbe bakteria wamefundishwa na wewe.

FAIDA KWA MFUGAJI

Huenda ukauliza: "Mambo haya ya London na Marekani yananihusu nini mimi mwenye nguruwe wanane?" Yakuhusu kwa njia tatu.

Faida ya kwanza ni utambuzi. APP ni bakteria yenye deko. Aina zake nyingi hukataa kuota katika chakula cha kawaida cha maabara mpaka zipewe kitu kiitwacho NAD. Pengine huota kandokando tu ya mstari wa bakteria nyingine iwapayo kitu hicho. Zikiwa zimekwisha kudhoofishwa na dawa, haziti kabisa. Lakini jeni zikijulikana, maabara yaweza kuitafuta jeni yenyewe. Kuna njia iitwayo PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, ambayo huchukua kipande kidogo mno cha DNA na kukizidisha mara milioni nyingi hata kionekane. Kwa PCR jeni ya Apx ya nne hutafutwa, kwa sababu APP za aina zote zinayo. Kwa njia hiyo hiyo virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hutambuliwa pia, na yale maradhi mawili hutenganishwa.

Faida ya pili ni chanjo. Chanjo ya zamani ya bakteria zilizouawa hukinga hasa aina ile ile iliyotumiwa kuitengeneza. Ukichanjia aina ya 1, aina ya 8 yaweza kupita. Sumu zilipojulikana, zilitengenezwa chanjo zenye sumu za Apx zilizovunjwa makali, ambazo hupunguza ugonjwa wa aina nyingi. Wataalamu wamejaribu pia bakteria hai zilizoondolewa jeni za hatari, ili mwili wa nguruwe ujifunze kumtambua adui asiyeweza kuua. Lakini kumbuka kwamba chanjo haimponyi nguruwe aliyekwisha kuugua, wala haimwondolei bakteria aliye mafindofindoni. Muulize daktari wa mifugo ni chanjo ipi inayopatikana, na kama yafaa kwa banda lako.

Faida ya tatu ni kumjua nguruwe aliyeambukizwa. Mwaka 1999 wataalamu wa Bern, Uswisi, walieleza jeni ya Apx ya nne, sumu ambayo bakteria huitoa ndani ya mwili wa nguruwe tu, wala si katika chupa ya maabara. Basi nguruwe aliyechanjwa kwa bakteria zilizokuzwa maabara na kuuawa hana kinga ya sumu hiyo katika damu yake, lakini aliyeambukizwa anayo. Kwa kupima damu, mnunuzi aweza kuwatenganisha wawili hao kabla ya kumleta nguruwe nyumbani.

Pengine mwingine ataogopa kwamba kuchezea jeni za vijidudu kwaweza kuzaa ugonjwa mpya. Swali hilo ni la haki. Kazi nyingi za namna hii ni za kuvunja jeni, nazo huifanya bakteria iwe dhaifu kuliko wenziwe wa bandani. Hata hivyo hufanywa katika maabara zilizofungwa, kwa kanuni kali. Hapa Kenya sheria ya mwaka 2009 yasimamia viumbe vilivyobadilishwa jeni, na hakuna aruhusiwaye kuvitoa nje bila kibali.

SEHEMU YAKO WEWE

Maarifa yote haya hayana nguvu juu ya mzoga uliozikwa kimya kimya. PCR haiwezi kusoma jeni ambazo hazikufika maabara. Kwa hiyo nguruwe wakiugua au kufa ghafla, fanya hivi:

1. Mwite mara moja Afisa wa Mifugo aliye karibu nawe. Homa ya nguruwe ya Afrika ni katika maradhi ambayo sheria yamtaka mfugaji ayaripoti.

2. Usimpasue nguruwe aliyekufa, wala usile nyama yake, wala usiiuze. Yaweza kuwa kimeta, na kimeta humwua mtu pia. Mfunike mzoga, uwazuie mbwa wasiukaribie, umngoje afisa.

3. Usidunge dawa yoyote kabla afisa hajafika. Yeye aweza kuchukua sampuli na kuanza tiba saa ile ile, bila kungoja majibu. PCR yaweza kuona DNA hata ya bakteria iliyokufa, lakini kupima ni dawa gani iwezayo kuiua kwahitaji bakteria iliyo hai.

4. Watenge wagonjwa. Usiuze wala usihamishe nguruwe yeyote, hata aonekanaye mzima, mpaka ujue ni ugonjwa gani.

5. Ukipewa dawa, maliza siku zote ulizoambiwa, kwa kipimo kamili, na ungoje siku zilizowekwa kabla ya kuchinja. Usiweke mabaki ya chupa kwa ajili ya mwaka ujao.

6. Andika daftarini: tarehe, umri wa nguruwe, dalili, dawa, na waliokufa. Afisa atauliza hayo kwanza, na majibu ya maabara husomeka vizuri zaidi yakiwa pamoja na daftari.

7. Nguruwe mpya akae peke yake majuma manne, mbali na wengine, na umlishe wa mwisho. Hivyo utauona ugonjwa mwingi kabla haujaingia bandani. Lakini aifichaye APP kooni aweza kuonekana mzima hata baada ya muda huo, kwa hiyo nunua kwa mfugaji unayemjua, na uulize habari ya kupima damu.

Mkulima yule wa skimu ya jirani ameanza tena na majike wawili. Hajajua mpaka leo ni kitu gani kilichowaua wale saba, wala hatajua. Lakini juu ya mlango wa banda lake ameandika kwa chaki namba ya simu ya Afisa wa Mifugo, na ile chupa ya dawa haipo tena rafuni. Nawe andika namba hiyo leo, kabla nguruwe hajakohoa.